Ukurasa wa Mtu Mmoja: Tovuti Binafsi na Hatima ya Maandishi ya Kiswahili

Fasihi andishi ya Kiswahili imezoeleka kuelezwa kwa kufuata vyombo vilivyoibeba. Huanzwa na miswada ya hati za Kiarabu, zikafuata matbaa za wamisionari, yakaja magazeti ya zama za ukoloni, kisha mashirika ya uchapaji ya baada ya uhuru. Katika mlolongo huo tovuti binafsi haijapewa nafasi. Kwa tovuti binafsi hapa inakusudiwa ile sehemu ya mtandao ambayo mtu mmoja huiandaa mwenyewe, kwa jina lake au kwa lakabu yake, ili wengine wasome mashairi yake, watazame picha zake, au wajue tu kwamba yeye ni mpenzi wa taarabu, wa stempu au wa historia ya ukoo wake. Wataalamu wengi wameiona kuwa mchezo wa vijana wenye muda wa kupoteza. Mtazamo huo umeigharimu taaluma. Chombo hiki kilifanya mambo mawili makubwa kwa mkupuo mmoja: kilimwondolea mtunzi mhariri, na kilimwondolea pia mnakili. La kwanza limeshangiliwa sana. La pili halijajadiliwa ipasavyo, na ndilo lenye hasara.

Asili ya chombo chenyewe inajulikana na haihitaji kurefushwa. Tim Berners-Lee alipendekeza mfumo wa wavuti mwaka 1989 akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva. Tovuti ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1991. Na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kuwa teknolojia hiyo ingetumiwa na yeyote bila malipo. Januari 1994 mwanafunzi mmoja wa chuo cha Swarthmore, Marekani, Justin Hall, alianza kuandika mtandaoni habari za maisha yake na za mambo yaliyomvutia. Yeye huhesabiwa miongoni mwa watangulizi wa utanzu huu. Hata hivyo, Hall alikuwa na chuo nyuma yake. Mtu wa kawaida hakuwa na seva, wala hakujua pa kuipata.

Pengo hilo lilizibwa na GeoCities. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1994 huko California na David Bohnett na John Rezner, nayo ikagawa nafasi ya bure kwa kila aliyejiandikisha. Kinachomvutia mwanaisimu ni namna ilivyoupanga mji wake. Nafasi hizo ziligawanywa kwa mitaa: wapenzi wa filamu waliwekwa Hollywood, wenye kupenda falsafa na elimu Athens, wanamuziki SunsetStrip, wa hadithi za kubuni za kisayansi Area51. Kila mkazi alipewa namba, kama namba ya nyumba, na anwani ya ukurasa wake ikataja mtaa na namba hiyo. Watu wasioonana waliitana majirani. Aliyeandika mashairi hakuhitaji kumshawishi mtu yeyote kwamba mashairi hayo yanafaa. Alihitaji kujifunza alama chache za kuupanga ukurasa, basi.

Kurasa hizo zilikuwa na mtindo wake. Msanii Olia Lialina, katika makala yake ya mwaka 2005, aliuita mtindo huo lugha ya kienyeji ya wavuti, akaorodhesha sifa zake: usuli wenye nyota, picha ndogo zinazochezacheza, muziki unaoanza bila kuombwa, bango la kuwa ukurasa bado unajengwa, na juu ya yote maneno ya kumkaribisha mgeni. Aghalabu palikuwapo pia kitabu cha wageni, ambamo msomaji aliandika jina lake na alikotoka. Wabunifu wa kulipwa walizicheka kurasa hizo. Lakini msomaji aliyelelewa na tendi za Kiswahili angetambua kitu anachokijua. Utendi wa jadi hauanzi na kisa. Hutanguliwa na dibaji: bismillahi, kumsifu Mungu na Mtume, na mara nyingi mtunzi kuagiza karatasi na wino aletewe. Mwishoni hutaja jina lake na nasaba, pengine mwaka na idadi ya beti, akamwomba msomaji asahihishe alipokosea. Bango la kuwa ukurasa bado unajengwa lilifanya kazi ile ile ya kuomba radhi mapema. Hakuna haja ya kudai kwamba mmoja alimwiga mwenzake. Pale mtunzi anapomwendea msomaji bila mtu kati, hulazimika kujitambulisha mwenyewe, na fomula za kujitambulisha si nyingi duniani.

Hata neno lenyewe lina kumbukumbu. Kiswahili kilipotafuta jina la kile kinachofunguka mbele ya macho kwenye kompyuta, kilitwaa *ukurasa*, neno lenye mzizi wa Kiarabu unaotaja daftari, yaani karatasi zilizokunjwa pamoja. Majina mengine yalishindana kwa muda mrefu. *Tovuti* na *wavuti* bado yanagombea eneo moja. La pili limejengwa juu ya *wavu*, na wavuvi wa pwani wangeweza kulidai kuwa lao. *Tarakilishi*, lililoundwa kwa kuunganisha *tarakimu* na *akili*, limeshika zaidi shuleni Kenya kuliko mitaani, ambako *kompyuta* imeshinda. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, istilahi nyingi za namna hii zilipata kwa mara ya kwanza mahali pa kutumika, badala ya kukaa katika orodha. Istilahi isiyotumika ni kama nguo ya sandukuni.

Kwa upande wa maandishi, Kiswahili kilikuwa na bahati ambayo lugha nyingi za Afrika hazikuwa nayo. Tahajia yake ya Kirumi, iliyosanifishwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, haihitaji alama yoyote juu ya irabu wala herufi ya ziada. Mwandishi wa Kigikuyu au wa Kiyoruba wa miaka ya 1990 alilazimika kuacha alama za lugha yake au kuona viboksi mahali pa herufi. Mwandishi wa Kiswahili aliandika tu. Aliyepoteza ni yule wa hati za Kiarabu: herufi zilizobuniwa kwa sauti za Kiswahili hazikuwa na nafasi katika programu za wakati huo, hivyo mswada wa Lamu au Pate uliweza kuonyeshwa kama picha tu, bila kutafutika. Upande mwingine, ukurasa usio na mhariri haukudai Kiswahili Sanifu. Mtu wa Mombasa angeweza kutunga kwa Kimvita, na wa Lubumbashi kwa Kiswahili cha kwao, pasipo kalamu nyekundu.

Uhuru huo haukuwa jambo dogo. Tangu *Mambo Leo* lianzishwe Tanganyika mwaka 1923, mlango mkuu wa mshairi wa kawaida ulikuwa gazeti, na kwenye mlango huo alisimama mhariri. Ndiye aliyehesabu mizani, aliyekata beti, aliyeamua ni malumbano gani yaendelee na yapi yakome. Wahariri hao walitunza bahari za ushairi wetu na wanastahili shukrani. Lakini shairi la guni, au barua ndefu juu ya ufugaji wa njiwa, halikupita.

Kazi ya kwanza kubwa ya Kiswahili kwenye wavuti haikuwa ya ubunifu bali ya leksikografia: kamusi ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha Yale na Martin Benjamin, ambayo iliwaalika wasomaji wenyewe kuchangia maneno. Sauti binafsi zilizosikika kwa mapana zaidi zilikuja katikati ya miaka ya 2000, zana za blogu zilipomwezesha mtu kuandika bila hata kujua alama za kuupanga ukurasa. Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyekuwa akiishi Marekani, aliandika kwa Kiswahili katika *Jikomboe* na kuwahimiza wengine wafanye hivyo. Mwaka 2005 alimsaidia mpiga picha wa magazeti Muhidin Issa Michuzi kufungua ukurasa wake walipokutana Helsinki, Finland. Ukurasa huo ukawa dirisha ambalo Watanzania waliotawanyika ughaibuni walichungulia nyumbani kwa miaka mingi. Mtindo wa utani wa Michuzi, pamoja na maelezo mafupi chini ya picha, unafaa kuchunguzwa kama rejista inayojitegemea.

Kwa wakazi wa pwani yenyewe mambo yalikuwa mazito zaidi. Mtandao ulipita kwenye satelaiti, kwa bei ya kukatisha tamaa, na wengi waliufikia kwa kulipia dakika katika vibanda vya intaneti. Kebo ya SEACOM, iliyopita chini ya bahari, ilizinduliwa Julai 2009. Miezi mitatu baadaye, tarehe 26 Oktoba 2009, GeoCities ilifungwa.

Kufungwa huko kulikuwa na dalili za mapema. Yahoo iliinunua GeoCities mwaka 1999, kwa hisa zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 3.5, na katikati ya mwaka huo huo ikatoa masharti mapya yaliyoipa haki pana mno juu ya kila kilichowekwa na wakazi. Wakazi walipinga kwa nguvu na kampuni ikalazimika kuyarekebisha. Lakini jambo lilikuwa limeshadhihirika: nyumba ilikuwa ya mpangaji, kiwanja cha mwenye mji. Miaka kumi baadaye mwenye mji alipoona hakuna faida, alibomoa. Kikundi cha kujitolea kiitwacho Archive Team, pamoja na hifadhi ya Internet Archive, walinakili walichoweza kabla ya siku hiyo, na nakala yao iliyotolewa mwaka 2010 ilikuwa na ukubwa wa mamia ya gigabaiti. Kilichobaki nje yake hakina idadi inayojulikana.

Hapa ndipo mnakili anapopaswa kurudi kwenye mjadala. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alitunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Yalikuwa maandishi binafsi kwa maana kamili ya neno: mama mgonjwa anamwusia mwanawe mmoja. Yalivuka nyumba ile kwa sababu wanawake waliyakariri na watu waliyanakili, hata yalipochapishwa na Alice Werner na William Hichens mwaka 1934 tayari yalikuwa mali ya umma. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, naye angejulikana leo kwa jina tu lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyakusanya mashairi yake na kumfafanulia mmisionari William Taylor maana zake. Karatasi za Taylor zikahifadhiwa London, na diwani ikatoka mwaka 1940. Katika visa vyote viwili mtunzi hakufanya chochote ili kuhifadhiwa. Msomaji ndiye aliyefanya kazi, na aliifanya kwa kuwa kusoma na kunakili vilikuwa karibu tendo moja: aliyetaka utendi nyumbani kwake alikaa akauandika.

Ukurasa wa mtandaoni uliiua haja hiyo. Kwa nini mtu anakili kitu anachoweza kukifungua kesho? Maelfu walilisoma shairi moja, na nakala ilibaki moja, kwenye seva ya mtu mwingine. Siku ile moja ilipozimwa, wasomaji wote walibaki na kumbukumbu ya kuwa waliwahi kusoma kitu kizuri.

Biashara si chanzo pekee cha kupotea. Machi 2018 Tanzania ilitoa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, ambazo ziliwataka wenye blogu wapate leseni, kwa ada zilizozidi shilingi milioni 2 kwa jumla. Shirika la habari lingeweza kuzilipa. Mwalimu wa sekondari mwenye ukurasa wa methali na mafumbo asingeweza, na wapo walioamua kunyamaza au kufunga. Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2020, lakini kilichofungwa hakifunguki chenyewe. Wakati huo huo waandishi wengi walikuwa wamehamia mitandao ya kijamii, ambako utunzi wa jana hufunikwa na wa leo, na wa mwaka jana karibu hautafutiki.

Internet Archive, iliyoanzishwa na Brewster Kahle huko San Francisco mwaka 1996, imeokoa mengi, ya Kiswahili pia. Hata hivyo, programu zake hutembea zaidi kwa kufuata viungo kutoka ukurasa hadi ukurasa. Ukurasa ambao hakuna aliyeuelekezea kiungo huweza kupitwa, na kurasa za Kiswahili hazikuwa na majirani wengi. Zaidi ya hayo, anayetaka kusoma kilichookolewa aghalabu lazima aijue anwani ya zamani. Anwani hizo zimo katika madaftari, kwenye kadi za biashara zilizofifia na vichwani mwa wenyewe.

Na wenyewe wengi wao bado wapo. Aliyekuwa na miaka ishirini alipoweka mashairi yake mtandaoni mwaka 2000 sasa ana miaka arubaini na kitu. Idara za Kiswahili hutuma wanafunzi wa uzamili Lamu na Siyu kutafuta miswada, na zinafanya vyema. Safari ya kumfuata mtu huyu ni fupi zaidi, pengine ni ya daladala moja. Kabla ya kupakia kazi yake kwenye seva, kuna uwezekano mkubwa aliitunza kwanza kwenye diski laini ya inchi 3.5, na diski hizo huanza kuharibika baada ya miaka michache tu zikiachwa kwenye joto na unyevu wa pwani.