Pikipiki nane za Bodmin: namna mashine iliyolala miaka hamsini inavyoamka

Vita inapofika kijijini, mara nyingi pikipiki inabaki nyuma. Esansi imekwisha, barabara imefungwa, au watu wa kubeba ni wengi kuliko kiti. Katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, familia nyingi zimeacha pikipiki zao ndani ya nyumba, kwa jirani au chini ya turubai. Kisha siku ya kurudi, swali linakuja: ikiwa imelala mwaka mmoja, miwili au mitano, bado ni pikipiki, au ni vyuma vya kuuza kwa kilo? Historia moja kutoka Uingereza inajibu swali hilo vizuri.

Mwaka 1919, katika mji wa Nottingham, George Brough alianzisha kiwanda kidogo cha pikipiki. Baba yake, William Brough, naye alikuwa mtengenezaji wa pikipiki. Kijana alitaka zake zizidi zile za baba, ndiyo maana akaziita Brough Superior, yaani Brough iliyo bora zaidi. Hakutengeneza injini mwenyewe. Alinunua injini nzuri kutoka viwanda vingine, kama JAP na Matchless, akaziunganisha kwa uangalifu mkubwa.

Pikipiki yake iliyojulikana zaidi ni SS100, iliyoanza kuonekana mwaka 1924. Herufi SS maana yake ni pikipiki ya mbio, na 100 ni maili 100 kwa saa, karibu kilomita 160. Mnunuzi alipewa hati ya kuthibitisha kwamba pikipiki inaweza kufika mwendo huo. Wakati ule hata magari mengi hayakuweza kufanya hivyo. Bei yake ilikuwa kubwa, na mfanyakazi wa kawaida alizitazama tu zikipita. Mpaka kazi ilipokwisha, kiwanda kilikuwa kimetoa pikipiki 3,000 hivi.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyosimamisha kazi hiyo. Mwaka 1940 kiwanda kiliacha pikipiki, kikatengeneza vyuma vya injini za ndege za kijeshi. Vita ilipokwisha, injini zilizofaa hazikupatikana tena, na George Brough hakurudi kwenye pikipiki. Wenye pikipiki nao waliguswa. Serikali ya Uingereza ilianza kugawa esansi kwa kipimo mwezi wa 9 mwaka 1939, na mwezi wa 7 mwaka 1942 raia wa kawaida waliondolewa kabisa mgao wao. Pikipiki nyingi zikasukumwa ndani ya vibanda na kuachwa. Mgao huo wa kupimiana ulikwisha mwaka 1950 tu. Kumbe huko pia vita ililaza pikipiki, na nyingine hazikuamka tena.

Miaka ikapita, pikipiki mpya zikaingia sokoni, na hizi kuukuu zikawa kama takataka. Ndipo wachache wenye kupenda vitu vya zamani walizinunua kwa bei ndogo. Mmoja wao aliishi Bodmin, katika jimbo la Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Aliweka Brough Superior nane ndani ya vibanda vyake. Nyingine zilikuwa zimefunguliwa, vipande vimetawanyika, vumbi na kutu kila mahali. Zilikaa hivyo zaidi ya miaka 50.

Mwezi wa 4 mwaka 2016, pikipiki hizo ziliuzwa kwa mnada katika mji wa Stafford. Hazikusafishwa, hazikupakwa rangi, hakuna hata moja iliyowashwa. Zote nane zilipata pauni 752,625. Moja peke yake, aina ya BS4 ya mwaka 1938, ilipata pauni 331,900. Hiyo ina injini ya gari dogo la Austin, yenye silinda nne, na magurudumu mawili ya nyuma yaliyokaribiana sana. Za aina hiyo zilitengenezwa kama kumi tu.

Kwa nini mtu alipe fedha nyingi hivyo kwa chuma kilichoshika kutu? Uhaba wa pikipiki zenyewe ni sababu moja. Lakini kuna nyingine inayowahusu wote. Kila Brough Superior iliandikiwa kadi kiwandani: namba ya injini, namba ya fremu na vipimo vyake. Chama cha wapenzi wa pikipiki hizo kimehifadhi kadi hizo. Mnunuzi anaweza kulinganisha namba zilizo kwenye chuma na zile zilizo kwenye kadi, na kujua kwamba injini hii ndiyo ya fremu hii. Na kwa kuwa vipande vya Bodmin vilibaki mahali pamoja, hata vile vilivyofunguliwa, kazi ya fundi iliwezekana.

Hapa pana funzo kwa familia iliyohama. Ikiwa hakuna nafasi ya kubeba pikipiki, karatasi zake zinabebeka. Namba ya fremu na ya injini zinaandikwa kwenye daftari au kupigwa picha kwa simu. Na kwa mwenye kutaka kununua, funzo ni lilelile upande wa pili. Pikipiki ya bei ya chini isiyo na karatasi, ambayo namba zake zimekwaruzwa, inaweza kuwa jasho la mtu aliyekimbia usiku. Akirudi na namba zake mkononi, aliyenunua atapoteza fedha, na labda uhuru wake pia.

Sasa namna ya kuamsha. Kosa la kwanza la watu wengi ni haraka: kumimina esansi mpya na kupiga kiki. Ndani ya injini iliyolala, unyevu umeweza kushika kutu kwenye silinda, na pete za pistoni zimeganda. Ukilazimisha, pete zinavunjika na silinda inachanika. Mafundi wa pikipiki za zamani hutoa buji kwanza, wanamimina kijiko kimoja au viwili vya mafuta ya injini kupitia tundu lake, na kuacha siku kadhaa. Kisha wanatia gia ya juu na kuzungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, polepole. Likikataa, wanaongeza mafuta na kungoja tena.

Pili ni esansi yenyewe. Ikikaa muda mrefu hupoteza nguvu, na inapokauka huacha utando kama gundi ndani ya kabureta. Vitundu vya mle ni vyembamba sana, vinaziba. Basi esansi ya zamani inamwagwa, kabureta inafunguliwa na kusafishwa, na tangi linachunguzwa kwa tochi. Penye kutu, mafundi wengine hutia mawe madogo na kutikisa, halafu wanasuuza mpaka maji yatoke safi, na kulikausha kabisa. Kiberiti na sigara vinakaa mbali, maana tangi tupu lina mvuke unaolipuka.

Tatu, mafuta ya injini yanabadilishwa kabla ya kuwasha, si baada. Waya zinaangaliwa moja moja, kwa sababu panya hupenda kuzitafuna. Buji inajaribiwa kama inatoa cheche. Hapo ndipo kiki inaweza kupigwa.

Lakini injini kuwaka si mwisho wa kazi. Mteja maarufu zaidi wa George Brough alikuwa T. E. Lawrence, mwanajeshi Mwingereza aliyejulikana kwa vita vya Uarabuni. Alimiliki Brough saba, moja baada ya nyingine, na ya nane ilikuwa inatengenezwa. Tarehe 13 mwezi wa 5 mwaka 1935, karibu na nyumba yake huko Dorset, alijaribu kuwakwepa vijana wawili waliokuwa kwenye baiskeli, akaanguka. Hakuvaa kofia. Alikufa siku sita baadaye, akiwa na miaka 46. Pikipiki yake ilitengenezwa na ingali ipo mpaka leo.

Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, aliguswa na kifo hicho. Alichunguza ajali za wanajeshi waliopeleka barua kwa pikipiki, na mwaka 1941 akatoa maandishi yaliyoonyesha kwamba kofia inaokoa maisha. Mwaka huohuo jeshi la Uingereza liliwaamuru madereva wake wa pikipiki kuvaa kofia. Raia wote wa huko walilazimishwa na sheria mwaka 1973.

Ndiyo maana fundi mwenye busara hairudishi pikipiki barabarani kwa sababu tu inanguruma. Mipira iliyolala miaka mingi hukauka na kupasuka, hata kama meno yake bado ni marefu. Breki huganda, nyaya zake hukatika mkononi, na zile breki za mafuta huingiwa na maji. Mnyororo nao unashika kutu. Vyote hivyo vinatengenezwa kwanza, ndipo abiria apande.

Nchini kwetu, pikipiki si kitu cha kuweka kwenye jumba la makumbusho. Ndiyo karo ya mtoto, ndiyo njia ya mgonjwa kufika hospitali. Kwa familia inayorudi na kuikuta chini ya vumbi, pikipiki za Bodmin zinaonyesha kwamba miaka ya kulala haiui chuma peke yake. Kinachoua ni vipande kutawanyika, karatasi kupotea, na mguu wenye haraka juu ya kiki.