Habari bila kelele: redio ya kutuliza roho ilitoka wapi?

Tangu M23 iingie Goma, mwezi wa kwanza 2025, simu za vijana wa Lubumbashi hazilali. Video ya vita, picha ya maiti, sauti ya mtu anayetukana kabila la mwenzake. Wengine wanazima tu, hawataki tena kusikia habari. Lakini kuna njia ingine, na haikuanza leo.

Jina linatangulia, fimbo inafuata

Mwaka 1992 na 1993, hapa Katanga, watu wenye asili ya Kasai waliitwa "bilulu", yaani wadudu. Familia nyingi sana zilifukuzwa kwenye nyumba zao. Huko Likasi na Kolwezi zililala stesheni, zikingoja gari moshi. Nchi jirani ya Rwanda, redio RTLM iliwaita Watutsi mende, na iliendelea kuchochea wakati wa mauaji ya 1994.

Mbayuwayu wa Bukavu

Agosti 1994, Radio Agatashya ilifunguliwa Bukavu ili wakimbizi wapate habari za kweli. Agatashya ni mbayuwayu kwa Kinyarwanda. Kwa Kifaransa ni hirondelle. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1995 Fondation Hirondelle ilizaliwa huko Uswisi.

Tarehe 25 Februari 2002, shirika hilo na MONUC walianzisha Radio Okapi, siku ile ile mazungumzo ya Wakongomani yalipofunguliwa Sun City, Afrika Kusini. Nchi ilikuwa imekatwa vipande, lakini redio hiyo ilisikika upande wa serikali na upande wa waasi pia, kwa Kifaransa, Kiswahili, Lingala, Ciluba na Kikongo. Emisyo yake Dialogue entre Congolais inaketisha wapinzani kwenye meza moja, kila mtu na zamu yake ya kusema.

Kwetu, mbele ya Okapi

Lubumbashi ilikuwa na dawa yake: kundi la Mufwankolo. Kwenye redio na tele, kwa Kiswahili chetu cha mujini, walicheza shida za nyumbani na za kazini. Mwaka 1986 walitengeneza mchezo juu ya usemi kwamba mamlaka yanaliwa mazima, hayagawanywi. Mtaalamu Johannes Fabian aliandika kitabu juu ya kazi hiyo, kikatoka 1990. Ilikuwa habari ya utawala, jambo zito, lakini iliingia kwa kicheko.

Namna ya kuitambua

Habari ya kutuliza roho haifichi vita. Inasema nani alifanya nini, wapi, lini, na inamwacha anayeshitakiwa ajibu. Haisemi "hao watu". Hailazimishi kutazama maiti ili uamini kama mtu alikufa.

Basi, ujumbe ukiingia usiku, angalia kwanza: unataja tendo, ao unataja kabila? Kama ni kabila, usiutume mbele. Wazee waliolala stesheni ya Likasi wanajua unaishia wapi.