Aina za Maneno na Sisi wa Turffontein



Jioni, kazi zikiisha, baadhi yetu tunaoishi hapa karibu na uwanja wa mbio za farasi hufungua madaftari kujifunza Kiingereza. Somo la mwanzo ni aina za maneno: nomino, kiwakilishi, kivumishi, kitenzi, kielezi na wenzao. Ni somo dogo, lakini limetuumbua.

Mwenzetu mmoja alikwenda ofisini kushughulikia karatasi za familia. Katika maelezo yake alimwita mumewe "she" mara tatu. Karani akadhani anamsema mtu mwingine, akamrudisha nyumbani. Siku nzima ya kibarua ikapotea kwa kiwakilishi kimoja.

Je, huo ni ujinga? Hasha. Kwetu "yeye" ni mume, ni mke, ni mtoto. Sisi hugawa maneno kwa ngeli; Mwingereza humgawa mtu kwa jinsia. Tazama pia neno "nimekipika". Ndani yake yumo mpishi, umo wakati, kimo chakula, na kitendo chenyewe. Mwingereza huhitaji maneno manne: "I have cooked it". Ukiambiwa utenge aina za maneno, neno letu hilo moja utaliweka kapu gani?

Makapu hayo yana historia. Sarufi ya Kigiriki inayobeba jina la Dionysius Thrax, wa karne ya 2 kabla ya Kristo, iligawa maneno mafungu 8. Warumi walipoirithi waliona Kilatini hakina kibainishi cha namna ya "the". Badala ya kubaki na 7, waliingiza vihisishi, hesabu ikatimia. Lindley Murray, ambaye sarufi yake ya Kiingereza ya mwaka 1795 ilisomeshwa mashuleni kwa miaka mingi, alihesabu 9. Basi idadi hiyo haikuteremka kutoka mbinguni. Kila watu waliipima kwa lugha yao.

Aliyelisema hili kwa lugha za Kibantu alifanya kazi kilomita chache kutoka hapa. Clement Doke alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Witwatersrand mwaka 1923, na mwaka 1927 akatoa kitabu cha sarufi ya Kizulu. Alishikilia kwamba lugha zetu zipangwe kwa maumbile yake zenyewe, zisilazimishwe kuingia katika makapu ya Ulaya. Mwaka 1935 alichapisha istilahi za kazi hiyo, na humo akayapa jina la ideofoni maneno ya mfano wa nyeupe pe, nyeusi ti, kulala fofofo. Kapu la maneno hayo halikuwamo katika orodha ya Wagiriki.

Hatusemi tuache somo. Mjini hapa Kiingereza ni kazi, ni hospitali, ni shule ya watoto, na karani hatangoja tumweleze habari za ngeli. Tunasema tujifunze bila kuona haya. Leo usiku andika sentensi moja ya Kiswahili, chini yake andika ya Kiingereza, kisha chora mistari kuunganisha maneno. Pale mstari unapokosa pa kufikia, pigia duara. Hapo ndipo pa kusoma kwa bidii, na mwenzetu yule ameanza na "he" na "she".