Mwigizaji wa London aliyevaa sura ya Moïse Tshombe

Wasomaji wetu wa Likasi, wengi wenu mmekwisha kuona filamu yenye jina la zamani la mji wetu, The Siege of Jadotville. Ilitoka mwaka 2016. Watu wakiiongelea, wanataja askari wa Ayalandi, komanda wao Pat Quinlan, na zile siku tano za mapigano, tarehe 13 hadi 17 Septemba 1961. Leo nataka kumwongelea mtu mwingine aliyemo ndani ya filamu ile. Ni Danny Sapani, Mwingereza mwenye asili ya Ghana, aliyeigiza nafasi ya Moïse Tshombe.

Nafasi yake si ndefu. Anaonekana, anasema maneno yake, kisha filamu inarudi kwa askari walio kwenye mahandaki. Ndiyo kazi ya waigizaji wa aina yake: si mashujaa wenye picha kubwa kwenye tangazo, ni watu wanaobadilika sura kila mara, na sisi tunabaki kuuliza, "Huyu nilimwona wapi?"

Wengi walimwona katika Black Panther mwaka 2018, akiwa mmoja wa wazee wa Wakanda. Wengine walimwona katika Penny Dreadful, ambamo aliitwa Sembene, au katika Harlots na Killing Eve. Lakini kabla ya hayo yote alikuwa mtu wa jukwaa. Alizaliwa London, akasomea uigizaji kwenye Central School of Speech and Drama, na tamthilia kubwa za mji ule zinamjua. Mwaka 2014, kwenye National Theatre, alikuwa Jason katika Medea, pamoja na Helen McCrory. Mwaka 2024, kwenye ukumbi wa Almeida, alikuwa King Lear wa Shakespeare, yule mfalme mzee anayegawa nchi yake kati ya mabinti zake na kuona mambo yote yanaharibika.

Kwetu sisi watu wa Katanga, kuna miaka miwili katika kazi yake inayostahili kuangaliwa kwa makini: 2016 na 2017.

Mwaka 2016, kwenye National Theatre, Sapani aliigiza katika Les Blancs, tamthilia ya Lorraine Hansberry, mwandishi Mweusi wa Marekani. Humo alikuwa Tshembe Matoseh, kijana anayerudi kutoka Ulaya kumzika baba yake na kukuta nchi yake imeanza kuwaka moto dhidi ya wakoloni. Anapaswa kuchagua upande. Mwaka uleule, kwenye filamu, Sapani alikuwa Tshombe, aliyetangaza Katanga kuwa nchi ya pekee tarehe 11 Julai 1960 huku Wabelgiji na Union Minière wakimshika mkono.

Mwaka 2017 akaingia katika The Crown, na safari hii alikuwa Kwame Nkrumah. Kipindi kile kinasimulia ziara ya Malkia Elizabeth huko Ghana, Novemba 1961. Tupige hesabu: mapigano ya Jadotville yalikuwa Septemba 1961, miezi miwili tu mbele ya ziara ile. Nkrumah alikuwa rafiki wa Patrice Lumumba na alituma askari wa Ghana Kongo chini ya ONU. Lumumba aliuawa hapa Katanga tarehe 17 Januari 1961, wakati Tshombe akitawala. Basi mwigizaji mmoja amevaa sura za viongozi wawili ambao, mwaka uleule, walikuwa pande mbili za ugomvi mmoja.

Simlaumu. Mwigizaji si hakimu. Kazi yake ni kuonyesha mtu anavyofikiri, awe mtu tunayempenda au tunayemchukia. Na hapa kwetu Tshombe bado anawagawa watu: kuna familia zinazomwita baba wa Katanga, na kuna zingine zinazomkumbuka kwa damu. Mtu yule alikuja kuwa waziri mkuu wa Kongo nzima mwaka 1964, na akafia Algeria mwaka 1969, mbali na kwao. Maisha kama hayo hayawezi kuenea katika dakika chache za filamu ya vita.

Shida yangu ni nyingine. Filamu yenye jina la mji wetu haikupigwa katika mji wetu: picha zilichukuliwa Afrika Kusini. Askari wa Ayalandi wana majina, wake na barua. Hakuna hata mmoja wao aliyekufa katika mapigano yale. Waliishiwa maji na risasi, wakajisalimisha, wakaachiliwa mwezi wa Oktoba. Wale waliokufa walikuwa upande wa Katanga, na katika filamu karibu wote ni watu wa kuanguka tu, bila jina. Hao ni wababu wa watu tunaokutana nao sokoni.

Na waigizaji hatujakosa. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilichekesha na kufundisha watu kwa Kiswahili chetu, kwenye redio na kwenye televisheni. Mwaka 1986 lilitunga mchezo juu ya msemo kwamba madaraka huliwa mazima, hayagawanywi, na mtaalamu Johannes Fabian akaandika kitabu kizima juu ya mchezo ule. Msemo huo ungeweza kuwa kichwa cha habari ya Tshombe na Leopoldville.

Mtoto aliyekuwa na miaka kumi Septemba 1961 leo amepita sabini. Wazee hao bado wako kati yetu, kule Kikula, Panda na Shituru. Wenye makundi ya michezo shuleni na parokiani, waendeni, waulizeni walisikia nini siku zile, nani hakurudi nyumbani, jina lake lilikuwa nani. Andikeni, kisha mwigize. Danny Sapani alifanya kazi aliyopewa, na aliifanya vizuri. Majina ya watu wetu hayakuwa mikononi mwake, yako kwetu.