UZI: Ukumbi wa mtaa ni wa nani? Historia fupi, kutoka Pumwani hadi Mukuru

1. Kila msimu wa kampeni ahadi hii hurudi: "Tutawajengea ukumbi wa kisasa." Wengine hupiga makofi, wengine huuliza mwananchi alihusishwa lini. Sitataja mwanasiasa wala chama. Nataka tuangalie historia, kwa sababu Nairobi imebishana kuhusu jambo hili kwa karibu miaka 100.

2. Tuanze Pumwani. Mapema miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilitenga eneo hilo kuwa makao ya Waafrika mjini. Kabla ya hapo watu walikuwa wamejijengea vijiji vyao wenyewe, kwa mfano Pangani, ambayo hatimaye ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Pumwani ikapata ukumbi, Memorial Hall, wa kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wengi waliokufa walikuwa wapagazi wa Carrier Corps, jina ambalo leo tunalitamka Kariakor.

3. Pesa za huduma za Waafrika zilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka kwenye pombe. Manispaa ilijipa haki ya kuwa muuzaji pekee halali wa pombe ya kienyeji, na faida ikaingia kwenye mfuko wa "wenyeji". Mama aliyepika pombe nyumbani kwake alikamatwa. Kwa hiyo mkaazi alilipa kodi, akalipia na kikombe, lakini kwenye meza ya kupanga matumizi hakuwa na kiti.

4. Baada ya Vita vya Pili, wakoloni waliamini zaidi katika kumbi. Askari walirudi kutoka Burma wakiwa wameona dunia, na mji ulikuwa unajaa vijana. Mawazo ya wakubwa yalikuwa haya: wape sinema, dansi, ndondi na masomo ya jioni, watasahau siasa.

5. Ndipo ikaja Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940, wafungwa wa vita wa Kiitaliano wakiwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo. Kaloleni Social Hall iliwekwa katikati ya nyumba, na ilipaswa kuwa mahali pa burudani. Wakaazi wakaigeuza. Viongozi wa wafanyakazi na wa harakati za uhuru walikutana humo, watu wakasimama nje madirishani kusikiliza, na mtaa ukaipa jina la utani: bunge.

6. Hebu fikiria jinsi hali ilivyokuwa. Hali ya hatari ilitangazwa 1952. Waafrika waliporuhusiwa tena kuunda vyama, 1955, ruhusa ilikuwa ya ngazi ya wilaya tu. Mkutano ulihitaji kibali. Ndani ya hali hiyo ngumu, ukumbi uliojengwa kuwatuliza watu ukawa mahali pa kujifunza kuhutubia, kupinga hoja na kupiga kura. Mchoraji wa ramani hakulipanga hilo. Ni wakaazi waliolileta.

7. Lakini wakaazi hawakuwahi kupewa funguo. Msimamizi aliajiriwa na manispaa, na kanuni na ada zilitoka kwa manispaa. Baada ya uhuru halmashauri za miji zilirithi mtindo huo huo. Rangi ya wakubwa ilibadilika, utaratibu ukabaki.

8. Huku mashambani tukawa na harambee. Watu walileta mawe, mchanga, nguvu zao na shilingi zao, wakajenga shule, zahanati na kumbi. Uzuri wake: kijiji kiliamua kinataka nini. Ubaya wake: baadaye mchango ukawa lazima. Kuna familia zilizochukuliwa kuku na chifu kwa sababu hazikutoa. Na harambee ikawa jukwaa la mheshimiwa kutoa bahasha mbele ya umati, mpaka sheria ya maadili ya 2003 ikaanza kuwabana maafisa wa umma wanaokusanya michango.

9. Miaka ya 1980 na 1990 tulipoteza mengi. Viwanja vya umma viligawiwa watu binafsi, kama ripoti ya tume iliyotolewa 2004 ilivyoonyesha kwa kina: viwanja vya kuchezea, vyoo vya umma, masoko. Kitu ambacho hakina hati wala kamati inayokilinda ni rahisi kumegwa. Ukumbi usio na wenyewe huibiwa mchana.

10. 2003 ikaja hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, asilimia 2.5 ya mapato ya serikali. Wanaoitetea wana hoja: kwa mara ya kwanza pesa zilifika vijiji ambavyo havikuwa vimewahi kuona mradi. Wanaoipinga nao wana hoja: anayetunga sheria na kuisimamia serikali hafai kuwa ndiye anayeendesha mradi. Mahakama ya Juu iliibatilisha sheria ya hazina hiyo ya 2013 mwezi wa Agosti 2022, na 2024 Mahakama Kuu ikasema hata ile ya 2015 ni kinyume cha Katiba. Ubishi haujaisha. Ila angalia kibao cha mradi wowote: jina la nani limeandikwa kwa herufi kubwa, na kamati ya wakaazi imeandikwa wapi?

11. Katiba ya 2010 ilitaka kumaliza hili. Kifungu cha 10 kinataja ushirikishwaji wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Kwenye karatasi tuko sawa kabisa.

12. Uwanjani je? Nimekaa kwenye vikao vya bajeti vya wadi. Kimoja kilitangazwa kwa ujumbe wa simu usiku, kikao chenyewe asubuhi, siku ya kazi. Stakabadhi ilikuwa Kiingereza kitupu, kurasa kibao, nakala tatu kwa ukumbi mzima. Mzee mmoja akauliza ukumbi utajengwa wapi. Akaambiwa mkandarasi tayari yuko. Halafu tukapitishiwa karatasi ya kutia sahihi, tukapewa soda. Huo si ushirikishwaji, huo ni ushahidi wa kutumia kortini.

13. Kuna njia nyingine, na si ndoto. Kibera, upande wa Soweto East kando ya mto Ngong, kuanzia 2006 wakaazi walifanya kazi na shirika la wasanifu kugeuza jalala. Kabla ya kuchora chochote, waliulizwa kinachowasumbua. Wakasema: mafuriko, takataka, kukosa kipato, watoto hawana pa kucheza. Kwa hiyo mradi ukaanza na kuzuia maji, kisha ukumbi, uwanja wa watoto na vibanda vya biashara. Kikundi cha wakaazi ndicho kilichosimamia, na kikatafuta kipato humo humo, pamoja na kusuka vikapu kwa gugumaji. Mbunifu aliyekaa ofisini angeanza na ukumbi, na mvua ya Aprili ingeingia ndani.

14. Mukuru walilifanya kwa ukubwa zaidi. Agosti 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalum la kupangwa. Zaidi ya familia 100,000 utaziulizaje? Walianza na nyumba kumi kumi, kila kumi na mwakilishi wao, na wawakilishi wakakutana ngazi kwa ngazi. Wataalamu wa maji, afya, barabara na sheria walikuja kusikiliza kwanza. Barabara na mabomba ya majitaka yaliyofuata yalitokana na mpango huo.

15. Tusidanganyane lakini. Novemba 2021 nyumba za maelfu ya watu Mukuru kwa Njenga zilibomolewa kupisha barabara, pamoja na vikao vyote hivyo. Maana yake ni kwamba sauti bila usalama wa ardhi ni nusu ya haki. Ndiyo maana swali la kwanza kuhusu ukumbi si rangi ya mabati. Ni hati ya kiwanja.

16. Kuna watu husema: kuuliza wananchi kunachelewesha kazi, na mwananchi hajui mambo ya ujenzi. La kuchelewesha ni kweli, miezi inaweza kwenda. Lakini hesabu pia kumbi zilizokamilika haraka na leo ni stoo ya viti vilivyovunjika. Na hakuna aliyemwomba mama mboga apige hesabu ya nondo. Anachokijua ni kwamba saa kumi na mbili jioni njia ile haina taa, kwa hiyo binti yake hatakwenda maktaba. Injinia hajui hilo mpaka aambiwe.

17. Basi ukisikia ahadi ya ukumbi, uliza haya, awe ni wa upande wako au wa upande ule:
– Kiwanja ni cha nani, na hati iko wapi?
– Nani alichagua kamati, na muda wake unaisha lini?
– Mlinzi, stima na ukarabati vitalipwa na bajeti gani mwaka wa pili?
– Ada ya kukodisha ni ngapi, na kikundi cha akina mama au vijana kitalipa sawa na harusi?
– Funguo zitakaa kwa nani, na wapinzani wa aliyeujenga wataruhusiwa kukutana humo?

Wakikataa kujibu, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi lako. Andika barua, weka nakala.

18. Swali lile la mwisho, la wapinzani, ndilo nalipenda kuliko yote. Kaloleni ilikumbukwa kwa sababu watu waliingia humo kusema yale ambayo aliyeijenga hakutaka kuyasikia. Ukumbi ambao ni wa kushangilia tu ni jukwaa lenye paa.

Mtaa wako una ukumbi? Nani ana funguo? Andika hapo chini.