Kodi na Utajiri katika Nchi ya Buha

Je, serikali huzaa utajiri, au huuhamisha tu kutoka mfuko mmoja hadi mwingine? Swali hili ni la zamani. Wapo wasemao kwamba kila senti iingiayo katika hazina ni senti iliyoondolewa katika kazi yenye manufaa. Wapo wasemao kwamba pasipo kodi hapana barabara, pasipo barabara hapana soko, na pasipo soko jasho la mkulima huozea ghalani. Kila upande una watetezi hodari. Insha hii haikusudii kukata shauri hilo kwa hoja za vitabuni. Yakusudia kulipeleka mahali pamoja, katika milima ya Kigoma ambayo leo ina wilaya za Kasulu na Kibondo na jirani zake, na ambayo zamani iliitwa Buha, ili kuuliza: kodi ilipotozwa hapa, kilizaliwa nini, na kilizaliwa wapi?

Kodi haikuletwa Buha na wageni. Watawala wa Heru, Muhambwe na falme nyingine za nchi hiyo, kila mmoja wao akiitwa Mwami, walipokea fungu la mazao na la kazi za raia wao. Kusini, katika chemchemi za Uvinza ambako chumvi imepikwa tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, watemi walichukua sehemu yao ya chumvi. Misafara iliyopita njiani ilitozwa hongo. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, alitozwa nguo nyingi katika Buha, akalipa, akatozwa tena, akaambiwa kuwa mbele wako wengine wanaongoja fungu lao. Akaamua kuiacha njia na kupita porini usiku, kimya, pamoja na wapagazi wake. Katika kisa hicho kidogo mna somo kubwa. Hongo iliyotozwa kwa kiasi, ikalipia usalama wa njia, huikuza biashara na mtoza ushuru akanufaika nayo. Hongo isiyo na kiasi huifukuza biashara iende porini, na mtozaji hubaki na njia isiyopitwa na mtu.

Wajerumani walijenga kituo chao Ujiji mwaka 1896. Mwaka uliofuata walitunga sheria ya kodi ya nyumba, ikaanza kutozwa mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya shamba. Kusudi lake halikuwa kujaza hazina tu. Mtu aliyekuwa na chakula chake, mbuzi wake na paa la nyasi juu ya kichwa chake hakuwa na haja ya kwenda kumlimia mgeni kwa ujira. Ilipasa haja hiyo itengenezwe, na kodi ndiyo iliyoitengeneza. Kwa upande wa matumizi, dola hiyo ilijenga reli ya kati, ikafika Kigoma mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Hapana awezaye kukana kwamba reli ni utajiri wa kweli, kwa maana hufanya siku chache kazi iliyowachukua wapagazi miezi. Lakini reli ilipita bondeni kusini. Milima ya Heru na Muhambwe iliitazama kwa mbali, na kitu cha kwanza ilichopakia humo kwa wingi kilikuwa watu wake.

Baada ya Wabelgiji kuishika nchi hiyo tangu 1916 hadi 1921, Waingereza waliipokea, na mwaka 1922 wakatunga sheria yao ya kodi ya nyumba na kichwa. Sehemu ya maduhuli iliingia katika hazina za wenyeji, ikalipa mishahara ya machifu, makarani na matarishi. Muha alitakiwa kulipa shilingi, na shilingi haikuota katika milima yake. Soko lilikuwa mbali na mzigo wa mahindi au maharage haukuweza kulipa gharama ya safari yake. Bidhaa moja tu iliweza kwenda sokoni kwa miguu yake yenyewe, nayo ni mwanamume mwenye nguvu. Ndipo vijana wa Kasulu na Kibondo walipoteremka kwenda kupanda treni, wakaenda kukata mkonge wa Tanga. Waliandikwa kwa namba, wakaitwa manamba, wakahesabiwa kazi yao kwa kipande cha siku 30. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha chombo chao cha kuandikisha watu, SILABU, na Buha ikawa moja ya visima vyake vikubwa.

Je, hapo utajiri haukuzaliwa? Ulizaliwa. Mkonge ulikuwa mali ya kweli. Tanganyika iliongoza duniani kwa zao hilo, na mwaka 1964 ilitoa zaidi ya tani 230,000. Mtu akisema kwamba kodi haikuzaa kitu, mashamba ya Tanga yatamkanusha. Lakini akisema kwamba kodi iliitajirisha nchi, yampasa aseme nchi ipi. Bandari, viwanda vya kusindika katani na barabara zilijengwa pale jasho lilipoangukia. Kule jasho lilikotoka palirudi shilingi chache, shuka na habari za safari.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Katika Buha daftari lilikuwapo, limeandikwa kwa uangalifu. Kilichopotea ni kile ambacho daftari halikuwa na safu yake. Halikuandika shamba ambalo halikufyekwa kwa sababu mfyekaji yuko Tanga, wala mke aliyelima sehemu mbili peke yake. Mwaka 1933 serikali ilianza kuwahamisha watu wa Buha na kuwakusanya katika makazi mapya kwa sababu ya malale. Sisemi kwamba kodi ndiyo iliyoleta maradhi hayo, kwa kuwa yalikuwa na sababu nyingi. Nasema tu kwamba mbung'o hupenda pori, na pori hurudi upesi mahali palipopungukiwa na mikono. Fedha zilizotumika kuwatibu watu ziliokoa maisha, na uhai ni mtaji ulio juu ya mitaji yote. Hata hivyo, waliookolewa waliacha nyuma mashamba na makaburi ya wazee wao, na hasara hiyo pia haikuandikwa.

Baada ya uhuru mawazo yaligeuka. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifundisha kwamba fedha si msingi wa maendeleo bali ni tunda lake, na mwaka 1969 kodi ya kichwa iliondolewa vijijini. Ilirudi katika miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, ikafutwa mwaka 2003. Lakini mkono wa serikali haukukoma kwa kukoma kodi. Mwaka 1972 Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kuingizwa katika operesheni ya vijiji, na watu ambao wazazi wao walihamishwa kwa ajili ya malale wakahamishwa tena, mara hii kwa ajili ya shule, zahanati na maji. Mtoto aliyejua kusoma alikuwa faida; mgomba uliosahauliwa kwenye kiwanja cha zamani ulikuwa gharama. Mtu mwadilifu huandika vyote viwili.

Katika miaka yetu hii matumizi ya serikali yameanza kuipanda milima yenyewe. Mwaka 2022 Kasulu na Kibondo ziliingizwa katika gridi ya taifa, baada ya kutegemea kwa muda mrefu majenereta ya dizeli. Barabara ya lami ya Kabingo, Kasulu na Manyovu, kilomita zipatazo 260, imejengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mkopo ni kodi ya kesho, wajukuu watailipa. Hapa, lakini, tofauti yaonekana. Lori lifikapo Kibondo, gunia la maharage lapata mguu ambao zamani alikuwa nao kijana peke yake. Bidhaa yasafiri na mwenyewe abaki nyumbani kwake.

Basi kodi yenyewe si utajiri wala si wizi. Ni nguvu ya watu iliyochukuliwa mahali fulani, na thamani yake hujulikana pale inapotuliwa. Ikituliwa katika kitu kinachoongeza uwezo wa mikono ya mlipaji, huzaa, na mlipaji huweza kulipa tena bila kufilisika. Ikituliwa mbali naye, huenda ikazaa vilevile, lakini uzao wake una mama mwingine. Mwanachuoni anayepima mali ya taifa kwa jumla moja hataiona tofauti hiyo, kwa kuwa Tanga na Kasulu zimo katika jumla ile ile. Muha aliyesimama kituoni akingojea treni, na namba yake mkononi, aliiona.