Fundi Asiyepewa Kalamu: Historia Fupi ya Ufundi katika Sekondari Zetu

Mjadala kuhusu mkondo wa amali, ulioletwa na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, huendeshwa kana kwamba taifa hili halijawahi kufundisha ufundi shuleni. Historia inasema vinginevyo. Swali linalostahili kuulizwa ni ufundi wa namna gani tuliufundisha, na kwa nini kila kizazi hulazimika kuanza upya.

Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikatoa waraka wa sera ya elimu kwa makoloni yake ya Afrika ya kitropiki. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba elimu ya Mwafrika ilandane na mazingira yake: kilimo, afya na kazi za mikono. Kwa juu juu hoja hiyo ina busara. Hata hivyo, wazazi wengi waliitilia shaka, na hawakukosea. Waliona kwamba mshahara na heshima vilimfuata karani aliyejua Kiingereza, si seremala. Shule ya ufundi ya Ifunda ilipoanzishwa katika miaka ya 1950, mahali palipokuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa Vita Kuu ya Pili, ilikusudiwa kutoa mafundi wa kutekeleza kazi. Aliyeamua kijengwe nini, na kwa mchoro upi, alikuwa mtu mwingine.

Machi 1967 Mwalimu Nyerere alichapisha Elimu ya Kujitegemea, akipinga shule inayomtenga kijana na jamii yake na kumfundisha kuidharau kazi. Katika miaka ya 1970 sekondari zikapewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Nia ilikuwa njema. Lakini mwaka 1985 George Psacharopoulos na William Loxley, katika utafiti wa Benki ya Dunia uliohusu Colombia na Tanzania, walionyesha kwamba michepuo hiyo iligharimu zaidi bila kuwapa wahitimu faida iliyo wazi katika soko la ajira. Miaka 20 kabla yao, Philip Foster, akiandika kuhusu Ghana, alikwisha kueleza kwamba matarajio ya mwanafunzi hupangwa na soko la ajira, si na mtaala. Uchumi wetu ulipoyumba, karakana zikakosa mbao, vyuma na vipuri.

Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Yanapima gharama na ajira, yakiacha kuuliza mwanafunzi alifundishwa kufikiri nini alipokuwa karakanani. Kupiga randa kwa kipimo ulichopewa ni stadi ya thamani. Usanifu wa bidhaa huanza kabla ya hapo: nani ataitumia, anasumbuliwa na nini, malighafi ipi inapatikana, bei gani ataimudu, na ikiharibika itatengenezwaje.

Mfano tunao hapa jirani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kenya ilipata jiko la mkaa lenye bati kwa nje na udongo wa kuchoma kwa ndani. Wazo la awali lilitoka Thailand, lakini umbo lake lilibadilishwa kwa majaribio mengi ili lifae sufuria, ugali na mfuko wa mpishi wa Nairobi, na mafundi wa jua kali wakawa watengenezaji wake. Huo ndio usanifu, na ulifanyika nje ya darasa.

Uingereza ililiingiza darasani. Mwaka 1990 usanifu na teknolojia likawa somo la lazima katika mtaala wa taifa wa England na Wales. Leo, katika England, nusu ya alama za mtihani wa kuhitimu sekondari ya juu katika somo hilo hutokana na mradi ambao mwanafunzi mwenyewe ameutafutia tatizo, akauchora, akautengeneza na kuujaribu. Hata huko mambo hayakuwa shwari: mwaka 2004 ulazima uliondolewa kwa wanafunzi wa miaka 14 na kuendelea, na idadi ya watahiniwa imeporomoka. Nchi tajiri nayo huitupa karakana pale inapoonekana ghali.

Kwa hiyo watumishi wa umma wanaosimamia mkondo wa amali wanadaiwa majibu ya mambo matatu. Je, mtihani utampa alama kijana aliyebuni, au aliyeiga tu? Je, bajeti ya vifaa italindwa miaka ya dhiki? Na je, mhitimu wa amali atafika chuo kikuu bila kuombewa huruma? Majibu yakikosekana, mzazi wa leo ataamua kama alivyoamua mzazi wa miaka ya 1920: mwanawe asome ukarani, na karakana waachiwe watoto wa wasio na la kuchagua.